Jirani ana ghorofa kumi na mbili, mbona ada yetu ya ardhi inakaribiana?

Swali: Marehemu baba alituachia nyumba ya chini Kilimani, Nairobi, kwenye nusu ekari. Ng'ambo ya ukuta kuna ploti ya ukubwa uleule, ila imeota ghorofa kumi na mbili za kupangisha, zote za mtu mmoja. Nimeona bili yao ya ada ya ardhi ya kaunti, na haipishani sana na yetu. Je, kaunti imekosea? Na barabara yetu ni mashimo matupu, sasa hizo pesa nazilipia nini?

Jibu: Hapana dada, bili hiyo yaweza kuwa sawa kabisa. Nairobi haitozi jengo, inatoza ardhi. Mthamini anapoijaza ploti yenu kwenye daftari la uthamini, hujiuliza swali moja: kama hapa pangekuwa patupu, pasipo hata banda la kuku, pangeuzwa bei gani? Nyumba yenu haimo katika hesabu hiyo, wala fleti za jirani hazimo. Sheria inaruhusu kutoza ardhi pamoja na kilichojengwa juu yake, lakini jiji limeng'ang'ania ardhi tupu tangu enzi za Baraza la Jiji.

Wanaoitetea njia hii husema kwamba bei ya ploti ya Kilimani haikupandishwa na mwenye ploti. Ilipandishwa na barabara, mabomba ya majitaka na watu waliojazana jirani. Tena anayejenga haadhibiwi kwa kujenga, na anayeacha ploti ikiota nyasi akingoja bei hasamehewi. Mimi nakubaliana nao nusu. Fleti za ghorofa kumi na mbili zina taka na magari mengi kuliko familia moja, na ada hii hailioni hilo. Kibaya zaidi kwenu, jirani akiruhusiwa kwenda juu, thamani ya ardhi yenu nayo hupanda, maana soko linajua kwamba hata ninyi mnaweza kuuza kwa mjenzi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: ada ni asilimia fulani ya thamani ya ardhi iliyoandikwa kwenye daftari. Kwa miongo kadhaa jiji lilitumia daftari la mwaka 1980. Kwa kuwa bei zile zilikuwa zimepitwa na wakati, asilimia ndiyo iliyopandishwa, hata ikafika 34. Daftari jipya lilipoanza kutumika, bei zikasogezwa karibu na za soko na kiwango kikashushwa hadi asilimia 0.115. Kwa mfano tu, ardhi ikithaminiwa shilingi milioni 100, ada kwa kiwango hicho ni shilingi 115,000 kwa mwaka.

Kuhusu mashimo, Katiba ya 2010, kifungu cha 209, inaipa kaunti haki ya kutoza ada hii, lakini haiifungi kwa mtaa wako. Ada huingia Mfuko wa Mapato wa Kaunti pamoja na ada za maegesho, leseni za biashara na mgao wa serikali kuu, kisha bunge la kaunti linagawa. Humo hutoka mishahara, zahanati, chekechea, zimamoto, taka na taa za barabarani. Maji mnayalipia kando. Na kabla hujamlaumu gavana, uliza barabara yenu ni ya nani: baadhi ya barabara za Nairobi ziko chini ya mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini, na kaunti haina fungu la kuzikarabati.

Ningekuwa wewe, ningelinganisha bili na hati miliki: namba ya ploti, ukubwa, na matumizi yaliyoandikwa. Makosa mengi ninayokutana nayo yako hapo, hasa ploti ya makazi iliyoandikwa kuwa ya biashara. Usiichanganye pia ada hii ya kaunti na kodi ya ardhi ya serikali kuu, ambayo hulipwa na mwenye ardhi ya kukodishwa na serikali. Hiyo ni bili nyingine na mlango mwingine. Na msiache deni lilale. Riba hupanda, na siku mtakapotaka kugawana urithi au kuuza, hati haitahamishwa bila cheti cha kaunti kwamba hamdaiwi.