Binti kurithi cheo cha Duke

Ndugu, umeuliza kama binti wa Duke (mwenye cheo cha juu cha ukabaila) wa Uingereza anaweza kurithi cheo cha baba yake asiye na mtoto wa kiume. Kwa kawaida hawezi, na wosia wa baba haubadilishi neno. Hata hivyo nakushauri uisome kwanza hati ya kifalme iliyoanzisha cheo hicho, kwani ndiyo inayotaja warithi. Kwa mfano, John Churchill alipewa cheo cha Duke wa Marlborough mwaka 1702, na mwaka uliofuata mwanawe wa kiume pekee aliyebaki akafa kwa ndui akiwa masomoni Cambridge, hivyo mwaka 1706 Bunge likapitisha sheria ya kuwaruhusu mabinti zake kurithi. Binti yake Henrietta akarithi mwaka 1722, na alipofariki mwaka 1733 cheo kikamwendea Charles Spencer, mtoto wa mdogo wake, Anne.