Ushauri kwa anayetaka uprofesa wa hisabati na utafiti wa uendeshaji

Wanafunzi wa uzamivu huniuliza kama wabaki kwenye hisabati tupu au wageukie matatizo ya viwanda na hospitali. Katika fani yetu ya utafiti wa uendeshaji, yaani hisabati ya kutafuta namna bora ya kupanga kazi na rasilimali, sioni sababu ya kuchagua. Nenda kwa mwenye tatizo, halafu rudi mezani na swali la kihisabati ambalo vitabu havikuwa nalo.

Sehemu kubwa ya fani yenyewe ilizaliwa hivyo. Mwaka 1938 watu wa viwanda vya plaiwudi mjini Leningrad walimwuliza mwanahisabati Leonid Kantorovich malighafi igawiwe vipi kwenye mashine ili mazao yawe mengi kadiri inavyowezekana. Kutokana na swali hilo alijenga nadharia ya kugawa rasilimali chache kwa namna bora, na mwaka 1975 yeye na mchumi Tjalling Koopmans wakapata Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Ila usiende na modeli, yaani maelezo ya tatizo kwa lugha ya hisabati, tayari kichwani. Msimamizi wa ghala atakwambia shida yake ni uhaba wa magari. Kaa naye, tazama magari yakipakiwa, uliza zamu zinabadilishana saa ngapi. Mara nyingi nimekuta magari yanatosha, lakini asubuhi yote yanasubiri mlango mmoja. Ulijiandaa kupanga njia za magari, kumbe unahitaji nadharia ya foleni! Saa hizo za kukaa na kutazama haziingii kwenye wasifu wako, lakini kwangu ndizo zenye thamani kuliko zote.

Kuhusu vyeo, tuseme wazi: kamati huhesabu makala za majarida, si ripoti uliyoiandikia hospitali. Kwa hiyo mapema kabisa katika kila mradi jiulize ni kipi hapa kinahitaji uthibitisho. Mbinu ya simpleksi, njia ya kukokotoa majibu ya matatizo kama lile la Kantorovich aliyoibuni mwanahisabati George Dantzig mwaka 1947, ilikuwa ikitoa majibu haraka kazini, lakini mwaka 1972 wanahisabati Klee na Minty walionyesha kwamba yapo matatizo yanayoilazimisha kupita hatua nyingi kupindukia. Kwa nini basi huwa haraka hivyo? Swali hilo limewapa watafiti kazi kwa miongo. Tafuta tasnifu yako mahali kama hapo.

Na kabla hujatuma makala, mpelekee msimamizi wa ghala majibu kwa lugha anayoitumia kazini. Akikwambia mpango hautekelezeki kwa sababu dereva haruhusiwi kuendesha usiku, usibishane naye. Hilo ni sharti lililokosekana kwenye modeli. Liongeze, ukokotoe upya.