Mkazo wa "parlano"

Swali: Mwalimu, najifunza Kiitaliano hapa Kondele, Kisumu. Nikisema "parlano" (wanazungumza) nikikaza "la", anayenifundisha hukunja uso. Kwa nini?

Jibu: Ndugu yangu, ulimi wako unafuata Kiswahili, ambacho hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. "Parlano" ni par-la-no, na mkazo uko kwenye "par", kama katika "parla" (anazungumza). Ile "-no" ya wingi haiusogezi. Ndiyo maana "telefonano" (wanapiga simu) hukazwa kwenye "le", silabi ya nne kutoka mwisho! "Parliamo" (tunazungumza) na "parlate" (mnazungumza) hazitakusumbua, zinakwenda kama Kiswahili. "Parlò" (alizungumza) hukazwa mwishoni, na angalau hapo wamekuwekea alama. Kwenye "parlano" hawaandiki chochote. Uchoyo, naona mimi.