Maswali yenu: Bibi anakonda, nesi anasema ni uzee

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni nesi msaidizi kwenye nyumba ya wazee huku Texas. Kuna bibi namhudumia, miaka 88, ana sukari, mwezi uliopita alikuwa pauni 140 sasa hivi 132, nikimwambia nesi wa zamu ananijibu aah huo ni uzee tu mbona anakula. Na kweli kwenye chati tunaandika kala asilimia 75. Chuoni lishe tulipitishwa juu juu, sina la kumjibu. Ni uzee kweli?
(Mdada wa Texas)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Sio uzee. Kwanza mrudishe kwenye mizani, ileile, asubuhi, na uulize kama kaanzishiwa dawa ya kukojosha maana hiyo inashusha uzito wa maji. Kama bado ni 132 basi kapungua karibu asilimia 6 ndani ya mwezi, na hukohuko Marekani kupungua asilimia 5 kwa mwezi bila kupangiwa ni kitu kinachotakiwa kuripotiwa, kwa hiyo usiende kusema "bibi anakonda", nenda na namba na tarehe, uone kama atakujibu tena habari za uzee.

Hiyo 75 sasa ndo inanikera. 75 ya nini? Sinia likirudi viazi vya kuponda na jeli vimeisha, kuku hajaguswa, maziwa yamejaa glasi, mtu anaandika 75 na roho yake imetulia kabisa. Mzee anahitaji angalau gramu 1 ya protini kwa kila kilo kwa siku, bibi yako hizo pauni 132 ni kama kilo 60, yaani gramu 60, na yai moja lina kama 6 tu. Andika alichobakiza.

Huyo nesi simlaumu sana, vyuo vingi lishe inapewa muda kiduchu. Ila kama mlo wake umebanwa eti kisa sukari, mtu wa miaka 88 anayekonda, hapana jamani, kwa umri huo kukosa chakula kunamuumiza haraka kuliko aiskrimu. Usimbadilishie mwenyewe lakini, omba mtaalamu wa lishe na daktari waupitie upya huo mlo.

Na leo mwangalie mdomoni, mtu akikonda meno ya bandia yanalegea, nyama haitafuniki, na wengi hawasemi.