Kifundo kimetiwa vyuma, sasa kifundishwe kutembea

Maswali mengi niliyopokea safari hii ni ya waliovunjika kifundo cha mguu wakafanyiwa upasuaji. Nayajibu kama mtaalamu wa fiziotherapia. Pale daktari wako wa mifupa alipokupa agizo tofauti, fuata lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuona mfupa wenyewe.

Nina wiki 3 tangu niwekewe bamba na skrubu. Nimekatazwa kukanyaga mpaka wiki ya 6. Nikae tu kitandani?

Hapana. Umekatazwa kukanyaga, hujakatazwa kujisogeza. Chezesha vidole kila saa, kunja na kunyoosha goti, kaza paja uhesabu mpaka 5 kisha legeza. Ukiruhusiwa kuvua buti gumu la kukinga kifundo, vuta wayo kuja kwako halafu usukume mbele, polepole, mara 10, mara kadhaa kwa siku. Ukipumzika, mguu uinuliwe juu ya usawa wa moyo. Kuuweka kwenye kiti kifupi hakutoshi. Na kama unavuta sigara, huu ndio wakati wa kuacha, maana sigara huchelewesha mfupa kuunga.

Miezi 4 sasa, lakini kila jioni mguu unavimba. Je, vyuma vimeharibika?

Uvimbe wa jioni ni wa kawaida, na unaweza kukusumbua hata mwaka mzima. Misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu ya kurudisha damu juu, na yako ilikaa wiki nyingi bila kazi. Uvimbe ukipungua usiku, usiwe na hofu.

Lakini shavu la mguu likivimba ghafla na kuuma, au ukabanwa na pumzi au kifua, nenda hospitali saa hiyohiyo. Huenda damu imeganda kwenye mshipa. Kidonda kikitoa usaha, kikawa chekundu na cha moto, au ukapata homa, usisubiri kliniki ijayo.

Nimebakiwa na gongo moja. Nilishike upande gani?

Upande wa mguu mzima. Wengi hukosea hapa, wanalishika upande wa maumivu na mwili unalalia kulekule. Gongo na mguu mgonjwa viende mbele pamoja. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mgonjwa na gongo hutangulia kushuka.

Sina maumivu, lakini bado nachechemea. Kwa nini?

Swali hili ndilo kiini cha kazi yetu. Tembea kwenye sakafu ngumu usikilize: hatua moja ndefu, nyingine fupi. Mara nyingi sababu ni kifundo kilichokakamaa. Mwili unapopita juu ya wayo, goti linapaswa kwenda mbele huku kisigino kikiwa chini. Kifundo kikigoma, kisigino hunyanyuka mapema au wayo hugeukia nje.

Jipime, kama umesharuhusiwa kukanyaga kwa uzito wote. Vua viatu, simama mbele ya ukuta, sukuma goti liguse ukuta bila kunyanyua kisigino. Rudisha wayo nyuma kidogokidogo mpaka kisigino kianze kutaka kupanda, kisha pima kutoka kidole gumba hadi ukutani. Fanya hivyo mguu wa pili. Tofauti ya sentimita utakayoipata ndiyo kazi iliyobaki.

Kuipunguza, egemea ukuta, mguu mgonjwa nyuma, kisigino chini, goti limenyooka, sekunde 30, mara 3. Rudia goti likiwa limekunjwa kidogo. Kisha nyanyua visigino vyote viwili, na baada ya wiki kadhaa jaribu kimoja. Maliza kwa kusimama kwa mguu huo karibu na meza ya kushikilia. Usikimbilie kuongeza mwendo. Nakuomba hatua fupi zilizo sawa, kisigino kikigusa chini kwanza.

Vyuma vitatolewa lini?

Kwa wengi havitolewi kabisa. Hutolewa vikisumbua, kwa mfano vinapokwaruzwa na kiatu, au kukiwa na maambukizi. Ile skrubu inayobana mifupa miwili ya goko, baadhi ya madaktari huitoa baada ya miezi michache, wengine huiacha.

Juu ya wayo nina ganzi.

Neva ndogo za ngozi hupita jirani na kovu. Ganzi ya hapo mara nyingi hupungua kwa miezi, ingawa wengine hubaki na sehemu ndogo isiyohisi vizuri. Kidonda kikishafunga, kanda kovu taratibu kwa mafuta, dakika 5 kila siku. Lakini mguu ukiwaka moto, ukibadilika rangi, hata shuka likiugusa ukapiga kelele, mwambie daktari wiki hii, kwa sababu maumivu ya aina hiyo hutibika vizuri zaidi yakiwahiwa.