Shangazi, watasema nimefulia

SWALI: Shangazi shikamoo. Naishi Manzese, nashona nguo Magomeni Mapipa. Daktari kaniambia presha imepanda, nitembee au niendeshe baiskeli. Mashoga zangu wanacheka: mwanamke mzima juu ya baiskeli, si watu watasema nimefulia! Tena mdogo wangu, ambaye tunashona pamoja, anatumia kiti mwendo na huwa tunapanda bajaji. Yeye namwachaje?
– Fundi cherehani

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao mashoga wapeleke Tanga nilikokulia, wakaone wanawake na mabaibui yao juu ya baiskeli. Hakuna anayegeuza shingo.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuhema kidogo. Manzese hadi Mapipa ni kama kilomita 3, dakika 40 hivi kwa miguu. Ukitembea asubuhi tu, siku 5, umeshavuka. Jioni mgongo ukiuma panda basi la mwendokasi. Dawa usiache, anayepunguza vidonge ni daktari.

Kuhusu mdogo wako, mimi ningeanza na yeye. Akijisukuma mwenyewe, moyo wake nao unafanya kazi, ila mtafutie glovu, viganja visichubuke. Kando ya barabara ya Morogoro mradi wa mwendokasi ulijenga njia za miguu na baiskeli. Zipo, lakini utakuta bodaboda, meza ya viatu, na gari la bwana aliyeingia dukani “mara moja”. (Huyo wa gari ndiye anayenikera zaidi, maana mwenye meza anatafuta ugali.) Basi Jumapili asubuhi ipiteni yote pamoja, muone wapi kingo haina mteremko na wapi mfuniko wa mtaro haupo. Pigeni picha, mpeleke serikali ya mtaa, na aongee yeye. Pasipopitika, msishuke barabarani kwenye magari. Pandeni mwendokasi: vituo vina njia ya mteremko na jukwaa liko usawa wa mlango wa basi. Ila tokeni mapema, kabla ya watu kubanana.

Siku anayokwenda kwa bajaji, ndiyo yako ya baiskeli. Chukua ya kike, yenye bati linalofunika mnyororo, dera lisinaswe. Jaribu breki zote mbili hapo hapo kwa muuzaji, na bei ya kwanza usiikubali.