Spec C au STI ya kawaida: mkuu, usitume hiyo TT kwanza

Mkuu, kama TT (ile pesa ya gari unayomtumia muuzaji wa Japani kupitia benki) bado haijatoka, izuie. Kama imeshatoka, mpigie muuzaji leo hii hii umuulize kama gari linaweza kubadilishwa kabla halijapandishwa meli.

Umeuliza mambo mengi: uchukue Subaru Impreza WRX STI ya kawaida au Spec C, ile STI iliyopunguzwa uzito, ya 2004, uagize Japani au ununue iliyopo Dar, bima ikoje, rangi gani inashika bei. Ila kuna sentensi umeipachika katikati kama jambo dogo, na ndiyo iliyonifanya niache kazi niandike: "Hii Spec C haina AC ila siyo ishu, nitafunga hapa hapa." Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi. Yamenigharimu zaidi ya milioni 13 na miaka miwili ya kugombana na gari nililokuwa nalipenda.

Nakupa kanuni yangu mapema, maana ndiyo pekee niliyotoka nayo: kama kuna kitu hata kimoja kilichotolewa kwenye Spec C ambacho wewe tayari unapanga kukirudisha, basi gari lako ni STI ya kawaida. Kimoja tu kinatosha.

Spec C ilipotoka mwishoni mwa 2001, Subaru hawakuwa wanamfikiria mtu wa foleni ya Kimara. Walimfikiria mtu wa mashindano, ambaye gari likifika gereji anang'oa viti, anang'oa zulia, anachomelea mabomba ya kinga kisha anabandika namba mlangoni. Mtu huyo hana sababu ya kulipia vitu atakavyovitupa, kwa hiyo kiwanda kikavitoa kabisa. Vioo vikawa vyembamba, bati la paa likawa jembamba, ile lami ya kuzuia kelele chini ya zulia ikaondolewa, tangi la mafuta likawa la lita 50 badala ya 60. Usukani ukafanywa mkali, 13 kwa 1 badala ya 15 kwa 1. Turbo ikawekewa beringi za gololi, na tangi la maji ya kupulizia intakula, kile kipoza hewa ya turbo, likawa la lita 12. Zikaondoka kama kilo 90. Injini ni EJ207 ile ile, na farasi kwenye karatasi ni 280 ile ile. Mitsubishi walifanya vivyo hivyo kwenye Evo RS, na Honda kwenye NSX-R ya 1992.

Sasa kilo 90 ni nini? Ni mtu mzima mmoja na begi lake. Umesema una mke na mtoto mdogo, unakaa Kibaha na unafanya kazi Posta. Siku mke wako akikaa kiti cha pembeni na mtoto akafungwa nyuma kwenye kiti chake, hizo kilo zimesharudi zote, na hujafika hata Mbezi.

Mimi niliijuaje Spec C? Kwenye kundi la WhatsApp la wapenda magari kulikuwa na jamaa mmoja ambaye kila mtu akimtaja anamwita mtaalamu. Aliniambia STI ya kawaida ni ya wazee, kwamba nikiikosa Spec C nitajuta maisha yangu yote, na kwamba AC "ni kazi ya siku mbili, kompresa na gesi basi". Baadaye nikaja kugundua hajawahi kumiliki hata moja. Alikuwa anapata kamisheni kwa kila gari analomwunganishia mtu na wakala wake. Hilo la kamisheni simlaumu, kila mtu anatafuta riziki. Ninachomlaumu mpaka leo ni kwamba nilimuuliza waziwazi, nikamwambia hili gari nitaliendesha kila siku na nina mama mwenye pumu nitakayekuwa namchukua hospitali, na bado akanijibu vile bila hata kusita. Mtu akikwambia anampakia mama yake mgonjwa, unamjibu kwa uangalifu.

Karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari kule Japani, alinitumia. Mimi nikatazama gredi tu, 4, nikaona na ndani wameandika B, nikafurahi. Sikutazama kile kisanduku cha vifaa. Ukitazama karatasi yoyote ya mnada wa Japani utakuta sehemu ya kiyoyozi: wakiandika AAC ina maana AC inayojirekebisha yenyewe, AC peke yake ni ile ya kuzungusha kwa mkono. Karibu na hapo kuna PS ya pawa ya usukani, PW ya vioo vya umeme, AW ya rimu za alumini. Yangu ilikuwa na PS na AW, na pale pa AC palikuwa na kistari kimoja kifupi cha kalamu. Nimekitazama kile kistari mara nyingi sana tangu siku ile. Kina urefu wa punje ya mchele.

Gari lilitoka bandarini mwezi wa pili. Joto la Februari la Dar unalijua. Nilivumilia, nikajiambia kijana hafi kwa jasho. Kilichonivunja ni masika. Jioni moja ya Aprili nimetoka mjini na mama kando yangu, mvua ikatukuta Ubungo. Vioo vyote vinne juu, watu wawili wanahema ndani, hakuna AC ya kukausha hewa. Ndani ya dakika tatu kioo cha mbele kikawa cheupe kama maziwa. Nikashusha kioo, mvua ikaingia. Nikapandisha. Ikabidi niwashe hita, Dar es Salaam, mwezi wa Aprili, huku feni inatupulizia hewa ya moto usoni, na mama anafuta kioo kwa upande wa khanga yake kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika dawa yake ya kuvuta. Nilipaki pembeni ya kituo cha mafuta tukakaa pale mpaka mvua ikapungua. Hakuninung'unikia hata neno moja. Aliniuliza tu, "Baba, magari ya siku hizi hayana ile hewa?"

Kwa hiyo nikaenda kufunga AC. Hapa ndipo nataka usome polepole.

Fundi wa kwanza naye alisema siku mbili. Alipofungua boneti akanyamaza. Gari ambalo AC yake imeharibika na gari lililozaliwa bila AC ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwenye injini hakukuwa na kishikizo cha kompresa wala puli ya kuizungusha. Mbele ya rejeta hakukuwa na kondensa, na feni ya pili haikuwepo. Nyuma ya dashibodi, pale ambapo boksi la kupoozea hukaa, palikuwa na bomba tupu la plastiki la kupitisha hewa tu. Waya za kwenda kwenye swichi hazikuwepo, na swichi yenyewe haikuwepo. Ule waya wa kuiambia kompyuta ya injini kwamba AC imewashwa ipandishe mzunguko wa injini kidogo, nao haukuwepo.

Ilibidi tutafute WRX iliyokatwa nusu ili tung'oe kila kitu humo. Ikachukua wiki sita kupata ambayo boksi lake halijapasuka. Kisha dashibodi nzima ikatoka. Niliingia gereji siku ile nikakuta gari langu limekaa bila uso, waya zimening'inia kama utumbo, usukani uko juu ya kiti cha abiria. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Likafungwa. AC ikawaka, mimi na fundi tukashikana mikono. Siku ya tatu nikasikia maji yanachezacheza kila nikipiga kona. Boksi la AC hutoa maji, na maji hayo hutoka kwa mpira mdogo unaopita kwenye tundu la ukuta wa injini. Fundi aliweka mpira ila hakutoboa tundu. Maji yote yalikuwa yanashukia miguuni pa abiria. Nilikuja kujua baada ya kuinua zulia na kukuta bati limeanza kutu, maana chini ya zulia la Spec C hamna ile lami ya kulikinga.

Tukatoboa, tukapaka rangi. Na bado gari halikupoa! AC inapuliza baridi ukiweka mkono mdomoni mwake, lakini saa saba mchana kichwa kinachemka. Ilibidi fundi wa tatu, mzee mtulivu, agonge paa kwa vidole na kuniambia, "Kijana, hapa juu ni bati tupu. Unapoza mabanda ya kuku." Paa jembamba, vioo vyembamba, hakuna kizuizi cha joto popote. Kwa hiyo baada ya AC ya milioni 4.2 nikanunua vitambaa vya kuzuia joto na kelele, laki 8 na kazi. Baada ya hapo shokapu, kwa sababu zile za mwanzo zilikuwa zimebadilishwa na mwenyewe wa Japani zikawa za uwanja wa mbio za magari, na kila tuta la barabara ya Morogoro lilikuwa linamgonga mama kiunoni. Milioni 1.9.

Hebu tazama nilichokuwa nimefanya. Nililipa milioni 6.5 zaidi ya bei ya STI ya kawaida ili Wajapani wanitolee vitu kwenye gari. Kisha nikalipa karibu milioni 7 nyingine ili mafundi watatu wanirudishie vitu vile vile, tena vya mtumba, tena vibaya zaidi ya kiwanda. Dashibodi iliyoshushwa na kupandishwa haikuacha kulia mpaka siku nimeliuza. STI ya kawaida ambayo ningeinunua kwa bei ndogo ilikuwa na kila kimoja, kimefungwa na watu waliolichora gari.

Na kwenye kuuza ndiko nilikolia. Alikuja kijana kutoka Arusha anayecheza rally, anaijua Spec C kuliko kuijua nyumba yao. Akafungua boneti, akaona kompresa. Akainua zulia, akaona vile vitambaa. Akazunguka nyuma, akalisukuma gari kwa goti aone shokapu. Akasema kwa heshima kabisa, "Kaka, mimi nikilinunua nitavitoa vyote hivi. Kwa hiyo nakulipa bei ya STI, tena nipunguzie gharama ya kuvitoa." Mnunuzi wa pili alitaka gari la familia, akaliogopa kwa sababu limefumuliwa. Nililiuza kwa bei ya chini ya STI ya kawaida ya mwaka ule ule.

Simaanishi Spec C ni gari baya. Asubuhi za Jumapili, saa kumi na mbili, barabara tupu na hewa bado ya baridi, sijawahi kushika usukani uliokuwa unanijibu vile. Unawaza kona, limeshaingia. Ukiwa na gari jingine la kwendea kazini, na trela, na mahali pa kulikimbiza, chukua Spec C na usiguse hata skrubu moja. Yule kijana wa Arusha ndiye mtu wake. Lakini mimi ndani ya miaka miwili nilipata siku za kulikimbiza kweli mara 3. Mashindano yetu mengi ni ya vumbi, na langu lilikuwa limeshushwa kwa ajili ya lami. Ukitoka nje ya mji kila kijiji ni kilomita 50 kwa saa, na tochi ya trafiki imejificha nyuma ya mwembe. Siku zilizobaki zote nilikuwa Ubungo, gia ya kwanza, gia ya pili, gia ya kwanza.

Najua utaniambia wewe utapata fundi mzuri kuliko wangu. Inawezekana. Hata akiwa mzuri namna gani, anakurudishia kitu ulicholipia kitolewe. Ukishaandika "AC nitafunga" umeshajijibu mwenyewe kwamba unataka STI. Na STI ya kawaida ya 2004 siyo gari la wazee: breki za Brembo zipo, gia sita zipo, hata yenye DCCD (diferensha ya katikati anayoirekebisha dereva) unaweza kuipata, na injini ni ile ile.

Nitumie karatasi ya mnada ya hilo gari. Ipige picha uiweke hapa hapa, si ile tafsiri ya wakala, nataka ile yenye mwandiko wa Kijapani. Tutatazama pamoja kisanduku cha AC. Na ukiwa unamwandikia muuzaji, mwombe akutafutie STI ya kawaida yenye AAC kwenye mnada wa wiki ijayo. Meli ipo kila mwezi, mkuu, na huyo mtoto atapanda nyuma kila siku.